Latifa Kabla ya Malkia

Mara ya kwanza kumwona Queen Latifah, alikuwa anakufa.

Ilikuwa kwenye banda la video mtaani kwetu, Tanga. Mabenchi yamejaa, joto limetukaba, mlangoni kijana anakusanya shilingi hamsini hamsini. Muvi ilikuwa Set It Off. Ilitoka Marekani mwaka 1996, lakini kwetu ilifika miaka kadhaa baadaye, kwenye kanda iliyochoka, na juu ya sauti za Kiingereza kulikuwa na mtafsiri mmoja wa kiume anayewasemea watu wote: polisi, wafanyakazi wa benki, na wale wanawake wanne wa Los Angeles walioamua kuiba benki baada ya maisha kuwabana kila upande. Mmoja wao, Cleo, ndiye dereva. Mwishoni polisi wamewazingira, wenzake wanahitaji muda wa kukimbia, basi yeye anawavuta polisi waje upande wake. Anatoka garini na bunduki mkononi huku anajua kabisa hatoki salama. Banda zima lilipiga kelele. Mimi nililia, na kaka yangu akanicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Nilimuuliza yule dada anaitwa nani. Akanijibu kwa ile sauti ya mtu anayejua mambo ya mjini: "Malkia Latifa."

Latifa? Nilidhani ananitania. Darasani kwetu jina hilo walikuwa nalo wasichana wawili, na mama mmoja muuza vitumbua. Bibi yangu, radi ikipiga, alikuwa akisema "Ya Latifu, ya Latifu" huku akifunika kioo kwa kanga. Latifu kwetu ni mpole, mwenye huruma, mtu laini. Sasa jina kama hilo limefikaje kwa jitu la miraba minne linalokufa na bunduki mkononi huko Los Angeles?

Swali hilo nimekaa nalo zaidi ya miaka ishirini. Limenirudia majuzi ofisini, ulipozuka ubishi kuhusu msanii mmoja wa kike wa hapa nyumbani aliyeacha kuchana mistari akaingia kwenye tamthilia. Sitamtaja, kwa sababu hoja si yeye. Hoja ni yale yaliyosemwa: "Muziki umemshinda." "Kaona hip hop hailipi." "Kauza kipaji." Nilikaa kimya, na ukimya wangu una sababu yake nitakayoieleza mbele. Jioni, kwenye daladala, nikamkumbuka Cleo. Maana sisi watoto wa mabanda ya video tulimjua Queen Latifah kwa kinyumenyume. Kwao Marekani ni rapa aliyegeuka mwigizaji. Kwetu alikuwa mwigizaji kwanza, halafu baadaye sana tukasikia kumbe dada huyu anachana. Na ukianza hadithi yake kutoka upande huo, ile habari ya "kuacha" inaanza kuyumba.

Basi tuanze mwanzo. Jina lake la kuzaliwa ni Dana Elaine Owens. Alizaliwa tarehe 18 Machi 1970, Newark, jimbo la New Jersey. Baba yake, Lancelot, alikuwa askari polisi. Mama yake, Rita, baadaye alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari ya Irvington, jirani na Newark. Wazazi walitengana Dana akiwa bado mdogo, na Rita akawalea watoto wawili, Dana na kaka yake, huku akifanya kazi na kusoma.

Newark ya wakati huo si mji wa kuutaja kwa haraka. Julai 1967, miaka mitatu tu kabla Dana hajazaliwa, mji uliwaka moto baada ya polisi kumpiga dereva mmoja wa teksi Mweusi. Watu 26 walikufa ndani ya siku chache. Miezi mitatu baada ya Dana kuzaliwa, mji huo ulimchagua Kenneth Gibson, meya wake wa kwanza Mweusi. Mmoja wa waliosukuma sana ushindi ule alikuwa mshairi na mwandishi wa tamthilia, LeRoi Jones, mtoto wa Newark aliyerudi nyumbani. Kufikia wakati huo watu hawakumwita tena LeRoi Jones. Walimwita Imamu Amiri Baraka.

Hapa ndipo sisi tunaoandika Kiswahili tunapaswa kuvuta kiti karibu. Jina alilopewa kwanza lilikuwa la Kiarabu, Ameer Barakat, halafu likafanywa la Kiswahili: Amiri Baraka. Lugha yetu ilikuwa imefika Newark kama vazi la kujitambua. Maulana Karenga, aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 kule California, alizipa nguzo zake saba majina ya Kiswahili, na Baraka akaichukua falsafa hiyo, iliyoitwa Kawaida, akaipeleka kwao. Ya kwanza katika nguzo hizo ni Umoja. Ya pili ni Kujichagulia, ambayo maana yake, pamoja na mengine, ni watu kujipa majina wenyewe badala ya kuitwa na wengine. Mwaka 1974 Baraka alikuja mpaka Dar es Salaam kwenye Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika. Yaani barabara kati ya Newark na pwani yetu ilikuwapo, na watu walipita.

Sisemi Dana alikuwa mfuasi wa Baraka. Alikuwa mtoto. Ninachosema ni kwamba alikulia kwenye mji ambao habari ya mtu mzima kuamka asubuhi na kuchagua jina jipya haikuwa kichekesho. Wapo waliosilimu, wapo waliojivika Uafrika, wapo waliofanya yote mawili. Alipokuwa na miaka minane hivi alikaa na binamu yake wakapekua kitabu cha majina ya Kiarabu. Binamu akachagua lake. Dana akasimama kwenye Latifah, jina lenye maana ya upole na wororo. Alikuwa msichana mkubwa wa umbo, mcheza mpira wa kikapu, mtoto ambaye watu wakimwona wanadhani ni mgumu tu. Katika kitabu kizima akachagua jina linalosema kile ambacho watu hawakukiona.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika kuhusu maisha yake. Latifah limekuja kabla ya Malkia. Upole ulitangulia taji.

Hip hop ilimkuta sekondari. Walikuwa na kikundi cha wasichana, Ladies Fresh, na kazi yake yeye ilikuwa kupiga mdundo kwa mdomo. Mama Rita, mwalimu wa shule hiyohiyo, ndiye aliyemwalika DJ mmoja wa maeneo yale aje kupiga muziki kwenye dansi la shule. DJ huyo alikuwa Mark the 45 King, prodyuza ambaye baadaye midundo yake ilizunguka dunia. Vijana wakaanza kukusanyika nyumbani kwake, wakajiita Flavor Unit, na Dana akawa mmoja wao. Hebu ona ajabu ya mambo: kwetu binti wa mwalimu akitaka kuchana, mwalimu ndiye mtu wa kwanza kufichwa. Huyu mwalimu ndiye aliyeleta maspika.

Majaribio yake ya kwanza yaliyorekodiwa yalimfikia Fab 5 Freddy, mtangazaji wa kipindi cha Yo! MTV Raps, na kutoka hapo yakafika lebo ya Tommy Boy. Moja ya nyimbo hizo za mwanzo alijiita binti mfalme wa kundi. Lakini albamu ilipotoka mwaka 1989, akiwa na miaka 19, hakuwa tena binti mfalme. Iliitwa All Hail the Queen. Wasichana wengi kabla yake walitanguliza herufi za MC mbele ya majina yao. Yeye akatanguliza Malkia, na amekuwa akieleza kwamba aliwaona wanawake Weusi kuwa uzao wa malkia wa Afrika, kwa hiyo cheo hakikuwa cha kuazima.

Kama hujawahi kuitazama video ya Ladies First, aliyoimba na Monie Love wa London, itafute leo. Inaanza na picha za wanawake kama Sojourner Truth, Harriet Tubman na Angela Davis. Halafu zinaingia picha za Afrika Kusini, watu mitaani, askari, maandamano. Latifah amevaa kama jemadari, amesimama juu ya ramani ya kusini mwa Afrika, anaviangusha kimoja kimoja vinyago vya watawala wa kizungu na kuweka ngumi nyeusi mahali pake. Mandela alikuwa bado gerezani. Huyu ni binti wa miaka 19 kutoka New Jersey, na katika wimbo wake wa kujitambulisha kwa dunia amechagua kusimama juu ya ramani yetu.

Sasa sikiliza anavyochana. Rapa wengi wa kike wa kizazi kile walilazimika kuchagua: ama uwe mgumu kuliko wanaume, ama uwe mrembo wa kutazamwa. Sauti ya Latifah ni nzito, ya katikati, haina haraka. Hagombi. Anasema kama mtu mwenye nyumba anayewaeleza wageni viatu vinawekwa wapi. Alikuwa karibu na kundi la Native Tongues, akina Jungle Brothers, De La Soul na A Tribe Called Quest, vijana walioleta ucheshi na rangi za Kiafrika kwenye hip hop, na kofia zake ndefu za wakati ule zilisema hivyohivyo.

Naomba nisimame kidogo nijieleze. Kidato cha pili niliandika mistari yangu kwenye daftari la jiografia. Miaka ile akina Zay B na Sista P walikuwa wanasikika redioni, na Nazizi wa Kenya tulikuwa tumeshamsikia, kwa hiyo msichana kuchana haikuwa ndoto tena. Siku ya mahafali nikapanda jukwaani. Nilifanya vizuri, nakumbuka makofi. Nikishuka, mgeni mmoja mtu mzima, mwenye nia njema kabisa, akanishika bega akasema: "Binti, umeweza! Umechana kama mwanaume." Wote waliokuwa karibu wakacheka kwa furaha, nami nikacheka. Sikuchana tena jukwaani baada ya siku ile. Hakuna aliyenikataza. Nilijisikia tu kwamba nimepewa zawadi ya mtu mwingine, na sikujua nitairudisha kwa nani.

Ndiyo maana nilipokuja kumsikia Latifah wa 1989, nikiwa chuo kikuu, kwenye kompyuta ya maktaba na hedifoni ya sikio moja, nilikasirika kidogo. Kumbe ilikuwa inawezekana. Kumbe kuna mtu alichana kama mwanamke na nyumba haikuanguka.

Turudi kwake. Mwaka 1992 kaka yake, Lancelot mdogo, waliyemwita Winki, alifariki kwa ajali ya pikipiki. Pikipiki hiyo alikuwa amemnunulia yeye, kwa pesa za muziki. Nadhani kila familia ya Kiafrika inaielewa zawadi ya namna hiyo: umefanikiwa, unamkumbuka ndugu yako, halafu kile ulichomnunulia ndicho kinachomchukua. Latifah aliufanya ufunguo wa ile pikipiki kuwa kidani akauvaa shingoni. Ukitazama tamthilia yake ya miaka ile, ufunguo unaonekana. Watazamaji wanacheka, na ufunguo uko pale pale kifuani.

Albamu iliyofuata, Black Reign ya mwaka 1993, aliitoa kwa ajili ya Winki. Ndani yake mna U.N.I.T.Y., wimbo wake mkubwa kuliko yote, uliompa tuzo ya Grammy mwaka 1995. Na U.N.I.T.Y. ni nini kama siyo Umoja, ile nguzo ya kwanza, imesomwa herufi kwa herufi? Beti zake tatu zinahusu mambo matatu ambayo msichana yeyote wa Kariakoo au Mombasa anayajua: mwanaume anayekushika barabarani kana kwamba wewe ni bidhaa ya mezani, mwanaume anayekupiga ndani, na msichana anayejifanya jambazi ili aheshimiwe. Wimbo una hasira, lakini kiitikio chake kinapulizwa juu ya saksafoni tulivu ya jazi. Upole na ngumi ndani ya wimbo mmoja. Latifah na Malkia.

Sasa angalia tarehe, kwa sababu hapa ndipo ubishi wa ofisini kwetu unapovunjika. Mwaka huohuo wa 1993 ndiyo ilianza tamthilia ya vichekesho ya Living Single kwenye televisheni ya Fox. Kabla ya hapo alishapita kwenye Jungle Fever ya Spike Lee, mwaka 1991, akiwa mhudumu wa mgahawa kwa dakika chache tu, na kwenye Juice mwaka 1992. Kwa hiyo mwaka aliotoa wimbo wake mkubwa kuliko zote ndio mwaka alioingia sebuleni kwa Wamarekani kama mwigizaji. Hakushindwa muziki akakimbilia muvi. Alikuwa anavifanya vyote viwili kwa mpigo, na wimbo wa kufungulia tamthilia hiyo aliuimba mwenyewe.

Tamthilia yenyewe iliandikwa na mwanamke Mweusi, Yvette Lee Bowser, na ikaenda mpaka 1998. Inahusu vijana Weusi wa Brooklyn wanaoishi jirani, wenye kazi zao, mapenzi yao na kodi ya nyumba. Friends, ile iliyokuja kuteka dunia, ilianza mwaka mmoja baadaye. Latifah aliigiza mhariri na mmiliki wa jarida dogo linalohangaika kulipa bili. Na anaitwaje mhariri huyo? Khadijah. Khadijah James. Jina jingine la kwetu! Na si jina la bahati nasibu kwa anayeijua historia yake: Bi Khadija, mke wa Mtume, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake mwenyewe. Mimi mwandishi wa habari, ninayejua mshahara unavyochelewa, nilimpenda Khadijah kuliko wahusika wote aliopata kuigiza. Ana madaraka bila ubabe. Anafoka, halafu anakuomba radhi, halafu anakupa tena kazi.

Nje ya kamera alikuwa naye ni mhariri wa namna fulani. Yeye na mwenzake wa tangu ujana, Shakim Compere, waliifanya Flavor Unit kuwa kampuni ya kusimamia wasanii. Naughty by Nature walipita mikononi mwao. Baadaye kampuni hiyo ikaingia kwenye kutengeneza filamu na vipindi. Hili huwa tunalisahau tukizungumzia vipaji. Msanii anayeweza kuhama kazi moja kwenda nyingine bila kupotea mara nyingi ni yule anayemiliki mlango. Wengi wa dada zetu waliochana miaka ya mwanzo ya Bongo Fleva hawakushindwa na mistari. Hawakuwa na mlango.

Halafu 1996, Cleo. Haikuwa nafasi ya kawaida kwa mwigizaji wa vichekesho: jambazi, mwanamke anayependa wanawake, fukara, mwenye kelele. Aliichukua, na watu wakaanza kumuuliza yeye binafsi maswali waliyopaswa kumuuliza Cleo. Kwa miaka mingi hakujibu. Alipopokea tuzo ya heshima ya BET mwaka 2021 alimshukuru mwenzi wake hadharani kwa maneno machache, akashuka jukwaani. Unaweza kukubaliana naye au la, lakini aliamua mwenyewe lini aseme na aseme kiasi gani. Kujichagulia, tena.

Mwaka 2002 ikaja Chicago, muvi ya muziki ambamo aliigiza Mama Morton, mkuu wa gereza la wanawake anayeuza upendeleo. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Hakuna mwanamke kutoka hip hop aliyewahi kufika hapo kabla yake. Tuzo ilikwenda kwa Catherine Zeta-Jones wa muvi hiyohiyo, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Mwaka 2006 akawekewa nyota yake kwenye barabara ya Hollywood, msanii wa kwanza wa hip hop, mwanaume au mwanamke, kupata heshima hiyo.

Sitaki nimpambe kupita kiasi. Bringing Down the House ya 2003 iliingiza zaidi ya dola milioni 130 ndani ya Marekani pekee, na kuna sehemu zake siwezi kuzitazama bila kuona haya: mwanamke Mweusi mwenye makelele anayeingia nyumbani kwa mzungu ili amfundishe kucheza dansi na kupenda maisha. Alikuwa miongoni mwa wazalishaji wakuu wake, kwa hiyo hatuwezi kusema alilazimishwa. Taxi ya 2004 ina magari mengi kuliko hadithi. Kuna miaka ambapo Malkia alikuwa anakusanya kodi tu, na pengine ndiyo kodi iliyolipia yale mengine.

Maana yale mengine yapo. Mwaka 2004 alitoa albamu ya jazi na soul, hana mstari hata mmoja wa kuchana, na juu yake hakuandika cheo wala jina la kitabuni. Aliiita The Dana Owens Album. Baada ya miaka yote ya kujipa majina, akalirudia lile alilopewa na mama yake. Mwaka 2007 akaigiza Life Support, kuhusu mama wa Brooklyn anayeishi na VVU, aliyewahi kuwa mateja, anayezunguka mitaani kuwaelimisha wenzake huku binti yake mwenyewe hataki kumsamehe. Iliongozwa na Nelson George, mwandishi aliyeandika sana juu ya hip hop, na ilitokana na maisha ya dada yake. Ilimpa Golden Globe. Ukiwa umekulia Tanzania ya miaka ya tisini, ukahudhuria mazishi yale ya "homa ya muda mrefu", huwezi kuitazama muvi hiyo kama mgeni. Hakuna taji ndani yake. Kuna mwanamke amekaa kwenye kochi anasubiri kusamehewa. Yule ni Latifah, jina lenyewe, bila Malkia.

Na mwaka 2015 Bessie, maisha ya Bessie Smith, malkia wa blues aliyefariki 1937. Walianza kumzungumzia nafasi hiyo alipokuwa na miaka ishirini na kitu tu. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kutimia. Nadhani ucheleweshaji ulimfaa. Msichana wa 1992 angeweza kuimba kama Bessie. Mwanamke wa 2015 alijua kukaa uchi mbele ya kioo na kutojificha.

Mama Rita aliugua kwa miaka mingi, na alifariki Machi 2018. Binti yake alikuwa amezungumza hadharani kuhusu kumuuguza, na nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza shangazi yangu, kwa sababu habari ya kumwogesha mzazi aliyekuogesha haina tafsiri. Miaka mitatu baadaye alianza The Equalizer kwenye CBS, kama Robyn McCall, jasusi mstaafu anayewasaidia watu waliokosa pa kwenda. Tamthilia ilidumu misimu mitano, mpaka 2025. Nafasi hiyo kabla yake ilichezwa na wanaume, akiwemo Denzel Washington kwenye sinema. Mara ya kwanza kuitazama nilicheka peke yangu. Cleo karudi, nikasema. Safari hii ana leseni.

Februari 2023, kwenye Grammy, hip hop ikitimiza miaka 50, alipanda jukwaani akachana U.N.I.T.Y. Mwaka huohuo Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza All Hail the Queen kwenye orodha ya rekodi za taifa za kuhifadhiwa, ya kwanza kutoka kwa rapa wa kike, na Desemba akapewa heshima ya Kennedy Center, nayo rapa wa kwanza wa kike. Mtu aliyekuwa "ameacha" muziki! Pumzi ilikuwa ileile. Haikuwa na haraka wakati ule, haikuwa na haraka sasa.

Ubishi wa ofisini nilikuwa na jibu lake, ila sikulisema. Ningesema hivi: kuna kuhama na kuna kufukuzwa, na kwa nje vinafanana. Latifah alihama akiwa na funguo zake mkononi, na mmoja shingoni. Kabla hatujamcheka dada aliyetoka kwenye maiki kwenda kwenye kamera, tuulize kama alitoka kwa miguu yake au sisi ndio tuliomtoa, kwa makofi yetu na sifa zetu za "kama mwanaume".

Kaka yangu sasa ana binti wa miaka kumi. Mwezi uliopita alinitumia sauti yake kwenye simu, anachana mistari aliyotunga mwenyewe kuhusu paka wao. Kaka akaandika chini yake: "Msikilize huyu, sijui kamrithi nani." Nilianza kuandika sifa. Nikafuta. Nikaandika tena: "Mwambie shangazi amesikia. Mwambie amechana kama yeye."